Insha Yenye Msomaji: Maswali Ambayo Walimu wa Mwanza Hutuuliza Kuhusu Mashindano ya Uandishi

Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Mwanza, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwaandaa wanafunzi kwa mashindano ya uandishi. Maswali haya nimeulizwa na walimu wenzangu kwenye semina, kwenye vituo vya kusahihishia, kwenye kivuko cha Kamanga, na mara nyingi kwa ujumbe wa sauti usiku baada ya kazi. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu tukiwa tumekaa pamoja.

Silabasi haijaisha na mtihani uko mlangoni. Kwa nini nijiongezee kazi nyingine?

Kazi hiyo tayari unaifanya, ila kwa sasa haina msomaji. Zitazame mada tunazowapa: faida za elimu, madhara ya dawa za kulevya, umuhimu wa misitu. Mwanafunzi anajua kwamba majibu unayo. Anajua pia kwamba daftari lake utalifungua likiwa katikati ya lundo. Basi anaandika anachodhani unakitaka: elimu ni ufunguo wa maisha, hoja ya kwanza, hoja ya pili, hoja ya tatu, hitimisho. Simlaumu hata kidogo, maana ndivyo tulivyomzoesha.

Sasa mwambie kwamba karatasi hii itasomwa na mtu aliyeko Arusha au London, ambaye hajawahi kusimama kwenye mwalo, pale ufukweni mitumbwi ya uvuvi inapofikia. Utamwona anatulia, kisha anauliza: "Mwalimu, huyo mtu dagaa anawajua?" Swali hilo limebeba somo zima la uandishi. Mtoto ameanza kumfikiria msomaji: anajua nini, hajui nini, aelezwe kwa mpangilio gani. Mimi nimefundisha utangulizi, kiini na hitimisho kwa miaka mingi na sikuwahi kupata swali la namna hiyo mpaka nilipoanza mashindano.

Kuhusu muda, vipindi vinne kwa muhula vinatosha, na hivyo unavitoa kwenye vipindi vya utungaji ambavyo viko kwenye silabasi tayari. Tunawapeleka watoto kwenye michezo ya shule, UMITASHUMTA kwa msingi na UMISSETA kwa sekondari, kila mwaka na hakuna anayesema kwamba mita 100 zimewaibia masomo. Tena ile TA ya kwanza katika UMITASHUMTA ni ya taaluma: Umoja wa Michezo na Taaluma Shule za Msingi Tanzania. Jezi tunazitafuta, nauli tunazitafuta. Kalamu na karatasi ni rahisi kuliko vyote hivyo.

Ni mashindano gani ambayo mtoto wa huku anaweza kushiriki?

Yako zaidi ya unavyodhani. Kwa sekondari, ya karibu kabisa ni shindano la insha la Jumuiya ya Afrika Mashariki na lile la Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC). Tanzania ni mwanachama wa jumuiya zote mbili, hivyo mwanafunzi wako ana milango miwili ambayo wenzake wa nchi nyingi hawana. Mada ya SADC hufungamana na kaulimbiu ya jumuiya kwa mwaka huo. Matangazo hupitia wizarani, na mara nyingi tangazo hufika mkoani, wilayani, kisha likalala. Mzoee Afisa Elimu wako wa Kata na umuulize mapema, kabla hujaambiwa kwamba muda umekwisha.

Kuna shindano la insha la Malkia la Jumuiya ya Madola, lililoanza mwaka 1883. Kushiriki ni bure, na maandishi hutumwa kwa intaneti. Kuna ngazi mbili: walio chini ya miaka 14 huandika maneno yasiyozidi 750, na wakubwa wao hadi umri wa miaka 18 huandika yasiyozidi 1,500. Jambo ninalolipenda ni kwamba halimfungi mtoto kwenye insha ya hoja peke yake. Anaweza kutuma hadithi, shairi au barua.

Kwa shule za msingi na vidato vya chini, fuatilia shindano la barua la Umoja wa Posta Duniani. Limekuwepo tangu 1971 na ni la watoto wa miaka 9 hadi 15. Kila nchi huchuja barua zake kwanza, kisha hupeleka moja bora makao makuu ya umoja huo, Bern, Uswisi. Barua ni umbo zuri sana la kuanzia, kwa sababu msomaji ametajwa kwenye mstari wa kwanza kabisa.

Nawe mwalimu usijisahau. Taasisi ya Elimu Tanzania inaendesha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo sherehe yake ya kwanza ilifanyika 13 Aprili 2023, tarehe aliyozaliwa Mwalimu. Wanafunzi wakijua kwamba na wewe una mswada unaokuhangaisha, wanakusikiliza kwa namna nyingine.

Kanuni hubadilika mwaka hadi mwaka. Soma tangazo la mwaka huu, usitegemee la mwaka jana.

Lazima tungoje mashindano ya nje?

Hapana. Anzisha la kwenu. Chagua tarehe ambayo haihami: 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, au 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani. Ratiba ya likizo ikiingilia, soma insha wiki ya mwisho kabla ya kufunga shule. Alika jaji kutoka nje ya shule, maana mtoto anapoona kwamba msomaji wake si mwalimu wa zamu, uandishi unabadilika. Mwanza hatukosi watu: waandishi wa habari wa redio wapo, wanafunzi wa uandishi wa habari pale Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino wapo, wakutubi wapo. Zawadi iwe daftari zito na kalamu nzuri. Nimeona shule jirani zikishindanisha watoto wao wao kwa wao, shule tatu za kata moja, na gharama kubwa ilikuwa soda.

Nimchague nani? Nina wawili watatu wanaojua kuandika.

Waandike wote. Hili nalisema kwa uchungu kidogo, kwa sababu nilipoanza nilikuwa nawaita wale watano wanaoongoza kwenye Kiswahili, nawafungia maktaba, na wengine wanaendelea na zao. Karatasi zilikuwa safi na zimefanana.

Mwaka nilioacha kuchagua, karatasi iliyonisimamisha ilitoka kiti cha nyuma, kwa kijana wa kidato cha pili kutoka upande wa Igombe ambaye maksi zake sikuwa nazikumbuka hata moja. Aliandika kwamba bibi yake, akiwa amelala ndani, hujua kama mitumbwi imerudi na dagaa au imerudi mitupu. Iliyopata samaki, watu huanza kuitana kabla haijagusa mchanga. Iliyokosa hufika kimya. Bibi anasikiliza ule ukimya, halafu anageukia upande wa pili na kulala tena, kwa kuwa siku hiyo hakuna cha kuanika. Tahajia ilikuwa mbaya kweli, r na l zimepishana kila mstari kama tunavyojuana Kanda ya Ziwa. Lakini kwa mtahini yeyote mwenye masikio, ile ilikuwa insha.

Haikushinda mkoani. Yule kijana aliendelea kuandika mpaka anamaliza shule.

Watoto wangu wa kisiwani hawana cha kuandika. Hawajaona kitu.

Swali hili niliulizwa na mwalimu wa Ukerewe, na nilimjibu kwa kumtajia majirani zake. Aniceti Kitereza aliandika riwaya yake kubwa akiwa hukohuko Ukerewe, kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945. Hakupata wa kuichapa, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ilitoka mwaka 1980 akiwa mzee sana. Mambo aliyoyaandika ni ya kisiwa: kulima, kuoa, kutafuta mtoto, kuuguza, kuvua. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe hiyohiyo, mwaka 1944, akawa mwalimu kabla hajajulikana Afrika Mashariki nzima kwa riwaya na mashairi. Kisiwa kimoja kimetoa wawili wa kiwango hicho.

Mtoto anayo mengi. Kinachokosekana ni mtu wa kumuuliza maswali madogo madogo. Ukimwambia "andika kuhusu Ziwa Victoria", atakuandikia kwamba ni ziwa kubwa kuliko yote Afrika na lina samaki wengi. Muulize hivi: Kwa nini wavuvi wa dagaa hawaendi mbalamwezi ikiwa kali? Nani anaamua nani apande mtumbwi gani? Taa za karabai zilipoacha kutumika na taa za betri na sola zikaja, kazi ya nani ilipotea pale kijijini? Dagaa wakinyeshewa kabla hawajakauka, mama anafanyaje? Wale samaki wadogo wanaoitwa furu walikwenda wapi, na babu anasema nini kuhusu sangara aliyeletwa ziwani miaka ya 1950?

Kwa wa Sengerema na Misungwi nina swali ninalolirudia tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025. Zamani magari yalikuwa yanapanga foleni kusubiri kivuko, na foleni ile ilikuwa soko: karanga, mayai ya kuchemsha, maji, samaki wa kukaanga. Leo basi linapita juu ya maji bila kusimama. Wale wauzaji wako wapi? Mtoto atakayekwenda kuwatafuta na kuwauliza ataleta kitu ambacho jaji hajakisoma popote.

Shule zilizo karibu na Kisesa zina Bujora. Nenda na watoto kwenye makumbusho yale ya Wasukuma, lakini wape kazi ya kuchagua kifaa kimoja tu na kukieleza kwa mtu asiyekiona. Ukiwaacha waandike "ziara yetu", watakuorodheshea saa ya kuondoka na saa ya kurudi.

Mashindano mengi ni ya Kiingereza, na Kiingereza chao ni dhaifu.

Ni kweli, na mtoto wa shule ya msingi aliyesoma kwa Kiswahili miaka saba halafu akakutana na Kiingereza kidato cha kwanza hastahili kuaibishwa kwa hilo. Ninachofanya ni kumwacha afikiri na kusimulia kwa lugha anayoiweza, hata kama ni Kisukuma au Kijita. Asimulie kwa mdomo kwanza, mwenzake akimsikiliza. Kisha aandike rasimu ya Kiswahili. Kiingereza kinakuja mwisho, kwa sentensi fupi, na hapo mwalimu wa Kiingereza anaingia. Kaeni wawili. Tatizo letu shuleni ni kwamba mwalimu wa Kiswahili na wa Kiingereza wanafundisha uandishi kana kwamba ni masomo mawili yasiyojuana.

Mwambie asihamishe neno kwa neno. Majina ya vitu ambavyo Kiingereza hakina, kama mwalo, yabaki yalivyo na ayaeleze ndani ya sentensi.

Nimsahihishe kiasi gani kabla ya kutuma?

Hapa nilikosea vibaya, na nalisimulia ili mwingine asirudie. Kulikuwa na binti wa kidato cha tatu aliyeandika vizuri sana kuhusu mama yake anayeuza samaki. Nilitaka ashinde. Nikabadilisha mwanzo, nikampa methali mbili, nikaondoa sehemu ambayo mama anagombana na mteja kwa sababu niliona haipendezi, nikamwandikia na hitimisho. Siku ya kuisoma mbele ya mstari asubuhi, alisimama, akaitazama karatasi, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwalimu, isome wewe." Hakuandika tena kwa hiari yake mpaka anaondoka shuleni. Kile kipande cha ugomvi ndicho kilichokuwa uhai wa insha yote, na niliking'oa mimi.

Tangu hapo sishiki kalamu nyekundu kwenye karatasi ya mashindano. Nachukua penseli na kuandika maswali matatu pembeni, hayazidi matatu. "Hapa alisema nini hasa?" "Mbona umeruka kilichotokea usiku?" "Sentensi hii ni yako au umeisikia?" Anaondoka nayo, anaandika upya. Tahajia tunaishughulikia mwisho kabisa, na kosa nalipigia mstari tu, anayerekebisha ni yeye. Mashindano mengi humtaka mwalimu athibitishe kwamba kazi ni ya mwanafunzi mwenyewe. Nataka nitie sahihi hiyo bila moyo kunidunda.

Na wanaotumia akili mnemba kwenye simu?

Wapo, hata shule za vijijini, kwa simu ya kaka. Dawa niliyoipata ni kuandika rasimu ya kwanza darasani, kwa mkono, na kuzitunza rasimu zote pamoja kwenye bahasha. Insha iliyopita hatua tatu inaonekana: hapa amefuta, hapa amehamisha, hapa ameongeza jina la mtu. Maswali yale ya penseli nayo yanasaidia, maana programu haijui bibi wa Igombe anasikiliza nini usiku. Ukimkamata, kaa naye umuulize aliogopa nini. Wengi watakwambia walidhani Kiswahili chao hakitoshi.

Mwanafunzi ameandika kuhusu msiba wa nyumbani. Nifanye nini?

Tulia kwanza. Huku kwetu ziwa limechukua watu. MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996, na MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara 20 Septemba 2018. Kuna wanafunzi waliopoteza mzazi au ndugu kwenye ajali ya pili, na kuna waliokulia kwenye nyumba ambazo jeraha la kwanza halijapona. Mada ikisema "safari nisiyoisahau", usishangae kitakachokuja.

Isome mkiwa wawili. Mwambie umeisoma na umemsikia, kabla ya neno lolote kuhusu uandishi. Kisha uliza kama anataka iende kwa watu wengine. Akisema hapana, insha hiyo ni yake na aandike nyingine. Akisema ndiyo, muulize tena baada ya wiki moja, na mzazi au mlezi ajue. Usimsukume aongeze machozi kwa sababu majaji wanapenda machozi. Nimesikia walimu wakisema hivyo na naona ni dhambi.

Likiwa ni jambo la ukatili, nyumbani au shuleni, hapo si mashindano tena. Mshirikishe mwalimu wa ushauri nasaha anayeaminika, ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116 ya msaada kwa mtoto hupigwa bure.

Hatuna kompyuta wala intaneti shuleni.

Insha iandikwe kwa mkono, karatasi zenye mistari, kalamu ya bluu au nyeusi. Shindano likitaka nakala ya kuchapwa, steshenari yoyote mjini itachapa na kutuma. Nenda na mwanafunzi mwenyewe, akae pale mchapaji anapochapa, maana wachapaji hupenda kurekebisha majina ya vijiji. Kama wanapokea picha, piga kwa simu karibu na dirisha, asubuhi, ukurasa mmoja mmoja. Usitume siku ya mwisho. Mtandao wa visiwani una tabia zake, na upepo ukichafuka hakuna boti ya kukuvusha kwenda kutuma mahali pengine.

Wametutaka tulipe ada ya kushiriki. Ni sawa?

Mashindano niliyoyataja hapo juu hayamtaki mtoto alipe. Ukiona watu wanaomba ada, halafu kila mtoto anaambiwa "umefuzu", halafu mzazi anatakiwa anunue kitabu chenye insha ya mwanawe, achana nao. Usikusanye michango ya wazazi kwa jambo hilo.

Mkuu wa shule haoni maana yake.

Mpelekee karatasi tatu nzuri azisome, kabla hujamwomba chochote. Usianze na barua ya bajeti.

Nina wanafunzi zaidi ya mia kwenye mkondo mmoja. Nitazisomaje zote?

Hutazisoma zote wewe. Wagawe watano watano, kila mmoja awasomee wenzake kwa sauti, na kila kundi lichague moja kwa kujibu swali hili: ni ipi ambayo ungependa kujua kilichoendelea baadaye? Usiwaulize ipi ni nzuri, watamchagua anayeongoza darasani. Zikibaki ishirini, hizo unazisoma wewe, na kila kundi lieleze kwa nini limechagua ile. Bado kuna atakayepotea humo. Kwa hiyo mimi huacha sanduku ofisini: anayeona kundi lake halikumsikia analeta karatasi mwenyewe. Mwaka uliopita zilikuja saba, na mbili nilizituma.

Mzazi anasema binti yake hana muda, ana kazi za nyumbani.

Basi aandike shuleni, kipindi kile cha jioni kabla ya kengele ya mwisho. Na zungumza na mama mtu mwenyewe, kwa heshima, siku ya kikao. Mara nyingi hajui mtoto anaandika nini. Nimeshamsomea mama mmoja insha ya binti yake pale kibandani kwake Mwaloni, amesimama na kisu mkononi, samaki nusu, na alinitaka nirudie ukurasa wa pili.

Wasiposhinda nitawaambia nini?

Waambie kabla ya kutuma. Maelfu wanaandika, wachache wanatajwa, na majaji wengine hawapendi tunachokipenda. Ikishatumwa, isomwe shuleni wiki hiyohiyo, kabla matokeo hayajaja, ili mtoto awe ameshapata wasomaji wake kabla ya mtu yeyote kumpa namba.

Na insha ambazo hazikwenda popote, tuziweke wapi?

Usizichome na makaratasi ya mitihani. Mimi nazikusanya kila Desemba, natoboa pembeni, nazishona kwa uzi wa nyavu ambao watoto wenyewe wananiletea, na naweka jalada la boksi gumu lenye mwaka na kidato. Zinakaa rafu ya chini maktaba, karibu na mlango, na ndizo zinazochakaa haraka kuliko vitabu vyote. Kidato cha kwanza wakifika Januari wanazitafuta kuona kaka na dada zao waliandika nini.